Njia ya Upande Mmoja: Ni Nani Abebaye Mzigo?

Wahenga walisema ya kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yaani, mzigo ulio kichwani pa mwingine waonekana mwepesi kama pamba ya msufi, hata kama shingo yake yaelemewa. Neno hili hutumiwa mara nyingi katika habari za misiba na madeni. Leo twataka kulitumia katika jambo ambalo huenda msomaji hakulitazamia: mwendo wa watu na vyombo katika barabara za Butembo na Beni, na hasa ile kanuni ya barabara ya mwelekeo mmoja, ambayo wenye magari huitaja kwa Kifaransa, sens unique.

Kwa nini tulizungumze jambo hili? Kwa sababu miji yetu miwili imejaa, wala njia zake hazikuongezeka kwa kadiri ile ile. Tangu mwaka 2014 watu wengi waliofukuzwa na mauaji katika vijiji vya Beni wamekimbilia mjini, na kila jamaa iliyokuja imeleta miguu yake barabarani. Mwezi Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walizindua mpango wa kutengeneza barabara za kilometa 223 katika jimbo letu: 80 kutoka Kasindi hadi Beni, 54 za njia ya Beni na Butembo, na 89 kutoka Bunagana hadi Goma. Barabara njema huita magari. Tena, Goma ilipotekwa mwezi Januari 2025, ofisi za jimbo la Kivu ya Kaskazini zilihamia Beni, pamoja na magari yake na wageni wake.

Mji ukisongamana hivi, wakuu wake hutafuta dawa. Kujenga barabara mpya ni kazi ya miaka na ya fedha nyingi. Kupanua ya zamani ni kubomoa nyumba na maduka ya watu. Lakini kuchukua njia mbili zilizo sambamba, moja ikawa ya kwenda na nyingine ya kurudi, kwataka vibao vichache, rangi kidogo, na askari wawili watatu wa kusimama kwenye njia panda. Ndiyo maana dawa hii husifiwa kuwa rahisi. Nasi twauliza: rahisi kwa nani?

KANUNI NA ASILI YAKE

Kwanza tuijue kanuni yenyewe, kwa maana wanafunzi wengi huviona vibao hivi wasielezwe maana yake. Kibao cha buluu chenye mshale mweupe chasema: "Hapa vyombo vyote vyaenda upande huu." Kibao cha duara chekundu, chenye mstari mweupe uliolala katikati, huwekwa kwenye mdomo wa pili wa barabara ile ile, nacho chasema: "Usiingie." Sheria ya barabara ya nchi yetu, ambayo ni ile namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, yaagiza vyombo vishike mkono wa kuume. Lakini penye mshale wa buluu hakuna chombo kinachotazamiwa kuja kutoka mbele. Mtu wa miguu hafungwi na mshale huo: yeye aweza kwenda na kurudi apendavyo pembeni mwa njia.

Mtu asidhani ya kuwa jambo hili lilizaliwa pamoja na motokaa. Mji wa Pompeii, katika nchi ya Italia, ulifunikwa na majivu ya mlima wa moto mwaka 79. Wataalamu waliofukua mji huo walichunguza alama za magurudumu katika mawe ya njia na mikwaruzo katika mawe ya pembeni, wakatambua ya kuwa njia nyingine zilipitwa na mikokoteni upande mmoja tu. Mjini London, mwaka 1617, baraza la mji liliamuru mikokoteni ipite upande mmoja katika vichochoro vyembamba vilivyo karibu na mto Thames. Sababu ilikuwa ile ile tuijuayo sisi: mikokoteni miwili ilikutana katikati, mmoja ukakataa kurudi nyuma, na mwingine pia ukakataa, na mji wote ukasimama kungoja ugomvi wa watu wawili uishe.

MZUNGUKO NI MWALIMU

Labda msomaji wa Butembo atasema, "Mambo hayo ni ya Kinshasa na ya Ulaya, mimi nayajulia wapi?" Twamjibu ya kuwa anayajua tangu utoto wake. Mzunguko tuuitao rond-point, kama ule wa 30 Juin mjini Beni au ule wa VGH mjini Butembo, ni barabara ya mwelekeo mmoja iliyopindwa ikawa duara. Kwetu Kongo vyombo huuzunguka kinyume cha mikono ya saa. Kule Uganda, ambako watu hushika mkono wa kushoto, huuzunguka kwa kufuata mikono ya saa. Dereva atokaye Kampala na shehena yake hubadili mkono afikapo Kasindi, na asipokuwa mwangalifu, mzunguko wa kwanza utamfichua.

Basi simama kando ya mzunguko wowote kwa nusu saa, utazame. Gari dogo hupita bila taabu: dereva hukanyaga kidogo, hugeuza usukani, akaondoka. Lori huzunguka polepole, nalo pia hufika. Pikipiki ya abiria, ambayo dereva wake twamwita motari, mara huzunguka kama ipasavyo, na mara hukata kona upande usio wake ili kuokoa nukta chache. Kisha yuaja kijana wa chukudu. Amelala juu ya usukani wake wa mbao, mguu mmoja wasukuma ardhi, nyuma yake yamefungwa magunia ya makaa au mbao za mkalitusi. Yeye ataka kuingia njia ya kushoto. Sheria yamwambia azunguke robo tatu ya duara zima. Yeye aitazama njia yake, iko hatua kumi tu mbele yake, akakata kinyume. Magari yapiga honi, motari amtukana, askari apuliza filimbi.

Watu wengi hukata hukumu papo hapo: "Hawa watu wa chukudu hawana adabu." Lakini hukumu hiyo ni ya mtu auonaye mzigo kuwa kanda la usufi. Tufanye hesabu kidogo kama tufanyavyo darasani.

HESABU YA JASHO

Butembo ni mji wa vilima. Uko karibu sana na mstari wa ikweta, lakini umekaa juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mto Kimemi umelipasua bonde lake. Ni mitaa michache iliyo tambarare. Tuseme njia ya sokoni imefanywa kuwa ya mwelekeo mmoja. Duka la mteja liko mita 200 nyuma. Gari likizunguka kwa njia ya juu, litakwenda kama kilometa moja zaidi. Hasara ya dereva ni dakika chache na mafuta yasiyojaza hata kikombe.

Sasa mpe kijana wa chukudu safari hiyo hiyo, naye amebeba kilo 300, tena njia ya juu imemzidi kimo kwa mita 20. Kuupandisha mzigo huo mita 20 ni sawa na kuchukua magunia sita ya kilo 50 kila moja, ukayapandisha ngazi moja baada ya jingine hadi ghorofa ya sita ya jumba refu. Kisha bado ateremke upande wa pili, na mzigo huo huo wamsukuma kutoka nyuma, naye hana breki nyingine ila kipande cha mpira akikanyagacho juu ya gurudumu. Na malipo yake ni yale yale, kwa maana mteja hulipa kwa mzigo uliofika, hamlipi mtu kwa mlima alioupanda.

Mwenye baiskeli naye yumo katika hesabu hii. Yule achukuaye bidoni za mawese au mikungu ya ndizi kwenye baiskeli hapandi juu ya kiti. Yeye husukuma kwa mkono na kifua. Mama aliyebeba kikapu cha mihogo mgongoni, kamba ikimkaza kipaji cha uso, yeye hafungwi na mshale wa buluu. Lakini kama alizoea kupanda pikipiki kutoka sokoni hadi nyumbani, na sasa pikipiki yalazimika kuzunguka, motari atamwongezea nauli, au atamshusha kwenye njia panda amalizie kwa miguu.

Basi hapa ndipo kiini cha maneno yetu. Barabara ya mwelekeo mmoja haiondoi taabu ya mji, huihamisha. Huiondoa kwa mwenye injini, ambaye kuzunguka kwamgharimu kidogo, ikamwekea aendaye kwa nguvu za mwili wake, ambaye kuzunguka kwamgharimu jasho. Haifai kuikataa kwa sababu hiyo. Yafaa kuipima kwa kipimo cha huyo wa pili.

HAKI YA DEREVA

Tusimdhulumu dereva, kwa maana naye ni baba wa watoto, na chumvi na sabuni za dukani zimekuja kwa lori lake. Kanuni hii yaleta faida za kweli. Wataalamu wa barabara wamehesabu ya kuwa, njia mbili za kwenda na kurudi zikikatana, kuna mahali 32 ambapo njia za vyombo hukutana, hugawanyika au hukatana, na ambapo vyaweza kugongana. Njia mbili za mwelekeo mmoja zikikatana, mahali hapo ni 5 tu. Ajali mbaya kuliko zote, ile ya gari na gari uso kwa uso, karibu yatoweka. Lori likisimama kushusha saruji mbele ya duka, gari lingine laweza kupita kando bila kuingia katika njia ya ajaye. Askari mmoja huweza kuiongoza njia panda iliyowashinda watatu.

Hata mtu wa miguu hupata faida yake: huyatazama magari yatokayo upande mmoja, akavuka nusu baada ya nusu bila kugeuza shingo kama ndege. Hayo yote ni kweli, na mkuu wa mji atakayeyataja hasemi uongo.

LAKINI MWENDO HUONGEZEKA

Dereva ajuaye ya kuwa hakuna ajaye mbele yake, mguu wake huwa mzito. Njia ikiwa pana, magari mawili huenda sambamba, kila moja likitaka kulipita jingine. Shirika la Afya Ulimwenguni lafundisha ya kuwa mwendo wa wastani ukiongezeka sehemu moja tu katika mia, hatari ya ajali ya kuua huongezeka sehemu nne katika mia. Tena lasema ya kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko kisababishi kingine chochote duniani.

Wazazi na wasikilize habari hii. Katika mji wa Hamilton, nchini Kanada, barabara nyingi zilifanywa kuwa za mwelekeo mmoja katika miaka ya 1950. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000 ulilinganisha ajali za watoto waendao kwa miguu mjini humo, ukaona ya kuwa watoto waliumizwa mara 2.5 zaidi katika barabara za mwelekeo mmoja kuliko katika zile za kwenda na kurudi. Watoto wa mitaa ya maskini ndio waliopatwa zaidi. Mjini Louisville, Marekani, barabara mbili za mwelekeo mmoja zilirudishwa kuwa za kwenda na kurudi mwaka 2011. Wachunguzi walipohesabu baadaye, ajali zilikuwa zimepungua katika zote mbili, hata ingawa magari yapitayo yalikuwa yameongezeka.

Hamilton si Butembo, wala Louisville si Beni. Huko magari ni mengi na barabara ni pana. Lakini moyo wa dereva ni mmoja duniani kote: ukimpa njia nyeupe mbele yake, atakimbia. Kwetu kuna hatari nyingine juu ya hiyo. Mtoto aliyefundishwa ya kuwa magari yatoka kushoto tu, atatazama kushoto tu. Na kutoka kulia atakuja motari aliyeona uvivu wa kuzunguka, bila honi na bila taa.

SOMO LA KINSHASA

Mfano wa karibu zaidi ni wa mji mkuu wetu. Mwishoni mwa mwezi Oktoba 2024 serikali ilijaribu kuuponya msongamano wa Kinshasa kwa dawa hii hii. Barabara kadhaa zilifanywa kuwa za mwelekeo mmoja, na nyingine zikabadilishwa kwa saa: saa nyingine upande huu, na saa nyingine upande ule. Kwenye ramani jambo lilipendeza.

Lakini wakazi wengi wa Kinshasa hawana magari. Wao hungoja taksi na basi kando ya njia. Mwelekeo ulipogeuzwa, basi waliyoizoea haikuweza tena kupita mahali pao. Wafanyakazi na wanafunzi wakajikuta wakitembea mwendo mrefu kwenda kuitafuta njia ya kurudia, na wengine wakafika nyumbani usiku. Malalamiko yalikuwa mengi, na baada ya muda mfupi mpango huo ukasimamishwa.

Somo lake ni nini? Si kwamba mwelekeo mmoja ni mbaya. Ni kwamba waliopanga walihesabu magari, nao wakasahau kuhesabu miguu. Barabara ni ya wote wapitao juu yake, na katika miji yetu wengi wa wapitao hawana usukani mkononi.

WENGINE WALIFANYAJE?

Iko mifano iliyo bora, na mmoja uko karibu. Mjini Nairobi, njia ya Luthuli, penye maduka mengi ya redio na simu, ilijulikana kwa msukumano na kelele. Mwaka 2019 serikali ya kaunti, pamoja na shirika la UN-Habitat, iliifanya kuwa ya mwelekeo mmoja kwa magari. Lakini nafasi iliyopatikana haikupewa magari yakimbie zaidi. Njia za watu wa miguu ndizo zilizopanuliwa. Hivyo kilichochukuliwa kwa mkono mmoja kilirudishwa kwa mkono wa pili kwa yule aliye dhaifu.

Ubelgiji nayo, ambayo kanuni zake nyingi za kale ziliingia katika nchi yetu, ilitambua ya kuwa mwenye baiskeli hapaswi kuzungushwa kama motokaa. Tangu mwaka 2004, mwenye baiskeli aruhusiwa kupita pande zote mbili katika barabara nyingi za mwelekeo mmoja, mradi njia iwe na upana wa kutosha na mwendo wa magari usizidi kilometa 50 kwa saa. Chini ya kibao chekundu huwekwa kibao kidogo kisemacho ya kuwa baiskeli hazikatazwi. Ufaransa iliweka kanuni ya namna hiyo mwaka 2008, kwa mitaa ambamo magari hayaruhusiwi kupita kilometa 30 kwa saa. Wengine waliogopa ya kuwa damu itamwagika. Lakini mwenye baiskeli na dereva wajao uso kwa uso huonana kwa macho, na aonaye hatari hujihadhari nayo kuliko yule ajiwaye kwa nyuma.

Mbona ruhusa hiyo isifikiriwe kwa baiskeli na chukudu zetu? Kama Goma iliisimamishia chukudu sanamu katikati ya mji ili kuisifu kazi ya wanaoisukuma, si vibaya kuitafutia chukudu ya kweli mita moja na nusu ya njia.

YATUPASAYO

Basi, ikiwa siku moja wakuu wa Butembo au wa Beni watataka kuigeuza njia fulani, iwe karibu na soko kuu au mahali pengine penye msongamano, yafaa wayakumbuke mambo machache.

La kwanza, njia ya kurudia iwe karibu, wala isiwe na mlima mkali kuliko ile iliyofungwa. Kabla ya kutundika kibao, mkuu mmoja na aisukume chukudu yenye mzigo katika mzunguko wote. Akifika akiwa bado aweza kusema, kibao na kitundikwe.

La pili, pembeni ipimwe njia ya baiskeli, chukudu na watu wa miguu, ya kwenda na ya kurudi, nayo itengwe kwa mawe au kwa mfereji uliofunikwa, si kwa rangi tu. Rangi huoshwa na mvua ya kwanza, na katika milima yetu mvua haikawii.

La tatu, mwendo wa magari upunguzwe kwa matuta mbele ya shule, soko na hospitali. Nafasi iliyopatikana isigeuzwe kuwa uwanja wa mashindano.

La nne, watu waambiwe mapema, kwa Kiswahili na kwa Kinande, katika redio, sokoni na shuleni. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kuvunja amri asiyoisikia.

La tano, askari wa barabara, tuwaitao roulage, wawe walimu kwanza, ndipo wawe watozaji. Faini ikiwa kila siku ni ya watu wale wale, ya kijana wa chukudu na ya motari maskini, na wenye magari makubwa hupita bure, basi hiyo si faini tena, ni ushuru wa umaskini. Sheria ikidharauliwa na wakubwa, wadogo hawataiheshimu. Wataiogopa tu, na woga hudumu muda ule tu askari asimamapo.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Ewe motari, abiria uliyempakia alikukabidhi maisha yake pamoja na nauli: usiyauze yote mawili kwa ajili ya kuokoa nukta tatu. Ewe dereva, umwonapo mtu asukumaye mzigo mlimani, zuia mguu wako; wewe wajisikia umechelewa, lakini yeye amechoka. Ewe kijana wa chukudu, usishuke mteremko kinyume cha njia wakati wa magari mengi, kwa maana mzigo wa kilo 300 hauombi radhi. Ikiwa yakulazimu kupita kinyume, shuka, usukume pembeni, ukimtazama ajaye. Nanyi wenye maduka, bidhaa mlizopanga juu ya njia ya watu wa miguu humfukuza mama na mtoto wake hadi katikati ya magari. Mteja aliyegongwa mbele ya mlango hanunui kitu.

Kwa wanafunzi twasema maneno matatu, nao wayashike kama wanavyoshika majedwali ya hesabu. Tazama pande zote mbili, hata penye mshale mmoja. Usivuke mbele ya lori lililosimama, kwa maana gari la pili laweza kutokea ubavuni mwake, na dereva wake hakuoni. Na mkiwa wengi, msivuke kama kundi la mbuzi, huyu akimfuata yule bila kuangalia: kila mmoja na atazame kwa macho yake mwenyewe.

Kabla ya kuisifu au kuilaumu njia yoyote ya mji, twende tukaisimamie kando siku ya soko, tukahesabu. Tusihesabu magari peke yake, maana hayo hujihesabu yenyewe kwa honi zao. Tuhesabu vikapu, bidoni, magunia, na watoto wenye madaftari. Kisha tuulize: baada ya kibao kutundikwa, nani atafika upesi zaidi, na nani atapanda mlima zaidi? Ikiwa jibu ni kwamba aliyekuwa mwepesi ameongezewa wepesi, na aliyelemewa ameongezewa uzito, basi kibao hicho kimetundikwa upande usio wake.